Pete Mbili Mguu wa Kushoto

4 Februari

Mdogo wangu Kiroboto,

Salamu zikufikie ukiwa umekaa, maana najua ukisimama huwezi kusoma zaidi ya mistari miwili. Wifi hajambo? Watoto je? Huku sisi wazima. Shemeji yako goti limempa nafuu, sasa anakwenda dukani na kurudi bila fimbo, akifika mlangoni anajisifu kama katoka vitani. Binti yangu kahamia ghorofa ya nne, nyumba nzuri, ila nikifika juu nakuwa nimeshasahau nilichomletea.

Habari kubwa ni kwamba nimestaafu. Miaka thelathini na moja ya kuwaambia watu "vuta pumzi, ibane, usitikisike" imekwisha. Wenzangu wa chumba cha eksirei wamenipa keki, saa ya ukutani isiyotembea, na kamera.

Hiyo kamera ndiyo iliyonipata. Unaikumbuka bustani kubwa ya jiji, yenye bwawa na kisiwa kidogo cha miti katikati? Iko dakika kumi kutoka kwangu. Kila asubuhi nakwenda kukaa kwenye benchi moja, lile linaloelekea bomba la saruji linaloingiza maji bwawani. Mtunza bustani tumeshazoeana. Namwita Mzee Reki, kwa sababu sijawahi kumwona bila reki yake, na yeye ananiita Mama Kamera. Tunaheshimiana.

Sasa nikwambie, ndege si wagonjwa. Ukimwambia asitikisike ndiyo kwanza anaruka. Filamu nzima ya kwanza nilipata maji na matawi. Ya pili imetoka afadhali, nakutumia picha tisa, nimeziandika namba nyuma. Niambie ni ndege gani. Wewe uliwahi kufanya kazi na ndege, mimi nimefanya kazi na mbavu.

Anayenikosesha raha ni namba nne. Mkubwa, mweupe, uso mwekundu, na mdomo mrefu uliotanuka mwishoni kama mwiko. Miguuni naona kama ana uzi au uchafu wa rangi rangi, lakini picha ni ndogo na macho yangu ndiyo hayo unayoyajua.

Nijibu usiniweke.

Dada yako

*

27 Februari

Dada,

Barua yako imefika, pembe moja imelowa lakini inasomeka. Hatujambo. Mke wangu anakusalimu, anasema keki mngemwekea kipande. Mwanangu mkubwa kaanza kazi kwenye kiwanda cha masanduku, wa pili bado anatafuta anachokitaka maishani, na anakitafuta akiwa amelala.

Mimi na mizani zangu. Wiki hii nimeletewa mizani ya ghala ambayo imekuwa ikidanganya nusu kilo kila gunia, hakuna aliyejua tangu lini. Nimeifungua nikakuta mjusi kakauka ndani, chini ya mkono. Nimeitengeneza, sasa inasema kweli, na mwenye ghala kanikasirikia.

Hongera kwa kustaafu. Kuhusu picha zako: namba moja ni yangeyange. Namba mbili ni yangeyange yuleyule, umempiga tena. Namba tatu ni mdiria, ingawa umempata mkia tu. Namba tano ni mnandi, hapo anakausha mabawa, si kwamba kakasirika. Namba sita ni kwarara, ndiye anayewapigieni kelele asubuhi. Namba saba ni jani. Namba nane ni yangeyange, anaonekana kakuzoea. Namba tisa ni kidole chako.

Msalimie shemeji, mwambie goti halipendi sifa.

Mdogo wako

*

19 Machi

Kiroboto,

Nimefurahi kusikia habari za nyumbani kwako. Mwambie mwanao wa pili kwamba hata shangazi yake hapa amekipata anachokitaka akiwa na miaka sitini, kwa hiyo asikate tamaa, lakini aamke.

Mimi kusoma picha ndiyo kazi iliyonilisha, na kuhesabu pia najua. Moja, mbili, tatu, tano. Nikadhani umesahau, nikaisoma tena barua yako. Mtu aliyekumbuka hadi kidole changu hawezi kusahau ndege mzima.

Basi nimejisaidia mwenyewe. Nimeazima kitabu maktaba, na ndege wangu anaitwa domomwiko. Kisha nimepeleka negativu kwa fundi wa studio aliye karibu na stesheni, akanichapia picha kubwa, kubwa ya kufunika meza ya chai. Nikachukua kioo cha kukuzia. Ule si uzi wala uchafu. Ni pete, mdogo wangu. Pete za plastiki za kumtambulia ndege, zimevalishwa na mkono wa mtu. Mguu wa kushoto ana moja, nyeupe. Mguu wa kulia ana mbili, njano juu na buluu chini, na hiyo buluu imepauka sana, ni pete ya siku nyingi. Ninaposema kushoto nina maana ya kushoto kwake yeye, si kwangu. Hivyo ndivyo tulivyosoma wagonjwa.

Nimewaandikia Ofisi ya Rekodi za Ndege. Nimewauliza ni nani aliyemvalisha.

Nilitaka kuandika kwamba sijui kwa nini nakueleza haya yote. Lakini najua, na wewe unajua.

Dada yako

*

11 Aprili

Dada,

Hatujambo. Mvua zimeanza, paa la karakana linavuja mahali palepale nilipoziba mwaka jana.

Nakuomba kitu kimoja. Piga picha za ndege kadiri upendavyo. Nitakutajia majina yao wote, hata majani nitakutajia. Lakini ofisi ile achana nayo. Daftari langu walishalisoma, wakamaliza. Sina haja ya kusomwa tena.

Mke wangu anakusalimu.

Mdogo wako

*

3 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima, isipokuwa shemeji yako goti limerudi palepale, ulimpa onyo hakusikia. Binti yangu ana mimba. Nimeambiwa nisimwambie mtu, kwa hiyo usimwambie mtu.

Ofisi imejibu. Ameniandikia mwanamke mmoja anayetunza rekodi, kwa adabu sana. Anasema mpangilio huo wa pete haumo katika rejesta yao, wala haujawahi kutumiwa na yeyote. Halafu akaongeza: "Huenda mheshimiwa umechanganya kushoto na kulia." Mimi! Kwa miaka thelathini na moja sijatoa filamu hata moja bila herufi ya madini ya risasi pembeni, ya kulia au ya kushoto, ili daktari asije akampasua mtu upande mzima akauacha mgonjwa. Nimemjibu kwa barua ya kurasa mbili ambayo sasa naona ilikuwa na chumvi nyingi. Hajanijibu.

Sikuachana nao kama ulivyoniomba, na lazima nikuambie sababu. Imekaa kifuani miaka kumi na tisa.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka kituo cha ndege, tulikuwa jikoni kwa mama, wote. Ukatueleza kwamba umekwenda peke yako kwenye kisiwa cha kule matopeni, kwa sababu msaidizi wako aliamka na homa, na kwa siku moja umewavalisha pete vifaranga arobaini na mmoja wa domomwiko. Na kwamba mkuu wa kituo amesema mtu mmoja hawezi, kwamba uliwaandika ukiwa umelala kwenye boti. Akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima. Ulikuwa umekuja nyumbani kutafuta watu wa kukuamini. Na mimi, dada yako mkubwa, nikacheka. Nikasema, "Arobaini na mmoja? Kiroboto, labda umehesabu na vivuli vyao." Jikoni kote wakacheka kwa sababu mimi nimecheka.

Uliweka kikombe chini. Hukukimaliza. Baada ya wiki mbili ukawa umeacha kazi na kuhamia huko uliko, na mimi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba umefuata kazi ya mizani.

Nilikukosea. Sikukuamini wakati ambao imani yangu ilikuwa na maana. Ndiyo maana namkalia huyu ndege kila asubuhi. Hakuna hata mmoja kati ya wale arobaini na mmoja aliyewahi kuonekana, na hiyo ndiyo silaha waliyokupigia. Nikimpata mmoja, hata mmoja tu, ule mstari mwekundu utakuwa uongo wao, si wako.

Dada yako

*

9 Juni

Dada,

Nimechelewa. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo. Niliyechelewa ni mimi.

Watoto hawajambo, wa pili ameamka, anajifunza kuchomelea. Hongera kwa habari ambayo sijaisikia.

Nitakujibu mara moja, kisha tusirudie. Ni kweli niliwavalisha. Nilianza kukipambazuka nikamaliza alasiri, sikula, na matope yalinifika kiunoni. Viota vilikuwa chini chini, kwenye matete na miti mifupi, na vifaranga walikuwa wakubwa kiasi cha kushikika lakini hawajajua kuruka. Siku kama hiyo hutokea mara moja. Ungengoja wiki moja, wameondoka. Ndiyo maana sikumngoja msaidizi apone. Niliandika kila mmoja kwa penseli palepale, huku kaboni ikiwa chini ya karatasi, nakala ikaenda ofisini. Daftari lina safu tano. Ya mwisho imeandikwa "Ameonwa na". Kwa mwenzangu yeyote safu hiyo ilikuwa na majina: wachungaji, walimu, wapita njia. Yangu ni tupu kuanzia juu hadi chini. Niliitazama tupu hiyo miaka miwili mitatu, kisha nikalifungia daftari kwenye kopo la biskuti.

Sasa huyo wako. Dada, si wangu. Nisingependa ujitese. Kila mvalisha pete ana mkono wake, kama mshonaji. Mimi nikimpakata kifaranga, mguu unaonifikia mkononi kwanza ni wa kushoto, na pete mbili ndiyo kazi ngumu, kwa hiyo naanza nayo. Mbili kushoto, moja kulia. Wote arobaini na mmoja, sikubadilisha hata kwa mmoja. Wa kwako ana mbili kulia. Kavalishwa na mwingine, na mwingine huyo hakuandika, basi.

Kuhusu jikoni, nimesoma. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Leo sina la kuongeza.

Mdogo wako

(Ndani ya bahasha hiyohiyo, kwenye kipande cha karatasi ya kufungia sukari:)

Wifi, kanipa bahasha nikabandike stempu, naandika upesi. Asikudanganye. Kopo la biskuti kalishusha tangu barua yako ya kwanza. Ile picha yako ndogo namba nne ameiweka ndani ya daftari, na kila jioni anaitazama kwa ile lenzi ya kukagulia vijiwe vya mizani, pete hazisomeki, mpaka chai inapoa. Usiache.

*

26 Juni

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Salamu kwa wote, habari za wagonjwa na wajawazito utazipata mwishoni. Leo siwezi kungoja.

Barua yako niliisomea kwenye benchi. Mbili kushoto, moja kulia, wote. Nilikaa pale roho imenyong'onyea kabisa, picha kubwa nimeitandaza magotini, nikisema basi, huyu si wake, nimemtonesha bure. Mzee Reki akaja na reki yake. Bomba lile la saruji ndilo analosafisha kila siku, majani hujaa mdomoni mwake. Akaitazama ile picha juu ya bega langu, akatazama bwawa, akatazama tena picha.

"Mama Kamera," akasema, "mbona bomba langu mmelihamisha?"

"Limehamishwa na nani?"

"Hapo kwenye picha liko kushoto kwa ndege. Bomba langu liko kulia. Tena ule mti ulioinama, hapo umeinamia upande wa geti. Mti wangu haujawahi kuinamia geti."

Kiroboto, nilihisi masikio yanawaka moto. Miezi mitatu nilikuwa nikitazama miguu tu, kwa kioo cha kukuzia. Na mimi mwenyewe niliwafundisha vijana wote waliopita mikononi mwangu: tazama picha nzima kwanza, ndipo utazame panapouma.

Nilikimbia nyumbani. Sikutembea, nilikimbia, shemeji yako ni shahidi, alidhani nimeibiwa. Nikatoa negativu nikaiinua dirishani, kama nilivyoinua filamu za mapafu maisha yangu yote. Unajua pembeni mwa negativu kuna vinamba vidogo. Vikisomeka sawasawa, picha nayo iko sawasawa. Nikaigeuza hadi namba zikasomeka. Bomba likaenda kulia. Mti ukainama unakotakiwa. Na pete mbili zikahamia mguu wa kushoto.

Nilikaa sakafuni. Shemeji yako akaleta maji.

Kesho yake nikawa studio kabla fundi hajafungua mlango. Nikamwekea picha na negativu juu ya kaunta. Akazitazama.

"Aa," akasema. "Hii niliipachika kinyume kwenye mashine. Samahani mama. Lakini si ndege tu? Ndege hana kushoto wala kulia."

"Ana," nikamwambia. "Huyu anayo, na mdogo wangu ndiye anayejua."

Akanichapia nyingine papo hapo, safari hii namba zikisomeka, nami nikiwa nimesimama nyuma yake.

Kutoka hapo nikaenda Ofisi ya Rekodi. Ni vyumba viwili juu ya kituo cha polisi, vimejaa makabati ya chuma. Yule mwanamke aliyeniandikia ni msichana tu, umri wa binti yangu, miwani kaipandisha kichwani. Jambo la kwanza nikamwomba radhi kwa zile kurasa mbili. Akacheka, akasema ameibandika barua yangu ukutani, na kweli ilikuwa ukutani. Nikampa picha. Akafungua rejesta, akapekua mbele na nyuma, akatikisa kichwa. Haimo.

"Haiwezi kuwemo," nikasema. "Nitafutie kurasa zilizopigwa mstari mwekundu."

Akanitazama. "Hizo hatuziingizi kwenye rejesta."

"Najua. Lakini mmezitupa?"

Hawakuzitupa, mdogo wangu. Zilikuwa kwenye sanduku chini kabisa ya kabati la mwisho, chini ya taa mbovu na kapeti. Alipoifunua ile karatasi ya kaboni nilikuwa upande wa pili wa meza, ikanielekea kichwa chini, na hata hivyo niliutambua mwandiko wako kabla yake. Mistari arobaini na mmoja. Mstari mwekundu umekatiza toka pembe hadi pembe. Akaanza kusoma kwa kidole, juu kwenda chini, mimi sipumui. Namba ishirini na saba: kushoto, njano juu ya buluu. Kulia, nyeupe.

Akaivuta miwani machoni, akasoma tena. Kisha akasema polepole, "Hii imegongwa muhuri miaka kumi na tisa iliyopita. Hakuna mtu angeweza kuibuni leo." Nikamwambia ndiyo, ndivyo ilivyo. Halafu nikalia, mwanamke mzima, juu ya kituo cha polisi.

Sasa chukua ile picha ndogo, usijifanye huna, iko ndani ya daftari. Ile ilichapwa vizuri tangu mwanzo. Niambie, bomba liko upande gani?

Goti la shemeji ni lilelile. Binti anatapika, mzima.

Dada yako, aliyechanganya kushoto na kulia

*

10 Julai

Mdogo wangu,

Hujajibu, lakini najua posta ya huko inavyotembea, na nakujua na wewe.

Nyumbani kwema. Nina mambo matatu ya kukuambia.

Kwanza, yule msichana wa rekodi alikuja bustanini Alhamisi, na mkurugenzi wa ofisi nzima nyuma yake, amevaa viatu visivyofaa. Mzee Reki aliwapokea kama mwenye nyumba, akawaonyesha bomba kabla ya ndege. Waliweka darubini kubwa ya miguu mitatu. Tulingoja saa moja na nusu. Kisha akatua, palepale kwenye maji ya kina kifupi, akaanza kufagia kwa ule mwiko wake huku na huku. Mkurugenzi akainama kwenye darubini akakaa humo muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Ndiye." Neno hilo tu. Mzee Reki akanipa mkono.

Pili, soma karatasi niliyoambatisha, ina muhuri. Wameufuta ule mstari. Vifaranga wote arobaini na mmoja wameingizwa kwenye rejesta kwa tarehe yao, chini ya jina lako. Wanasema kwamba kazi ile ilikataliwa bila uchunguzi, na wanakuomba radhi. Mkuu wa kituo wa wakati ule ameshastaafu, yuko hai. Nakala ametumiwa. Niliwauliza mara mbili kama kweli ametumiwa.

Tatu, namba ishirini na saba hayuko peke yake. Kwenye kile kisiwa ana kiota, na kiotani kuna vifaranga wawili. Baada ya wiki nne watakuwa wa kushikika, na wiki moja baadaye wataruka. Ofisi ina pete. Ofisi ina vijana wawili wa kuvalisha. Mkurugenzi kaniuliza mbele ya watu: "Mdogo wako angekubali kuja kuwavalisha yeye?"

Nikamjibu kwamba siwezi kukusemea. Nilikusemea mara moja jikoni, ikatosha.

Kitanda kipo.

Dada yako

*

24 Julai

Dada,

Bomba liko kulia.

Barua zako mbili zimefika siku moja, posta wamezifunga pamoja kwa mpira. Nilizisomea karakanani, nikianza na ya kwanza kama ilivyo haki. Nilipofika kwenye sanduku chini ya kabati nilikuwa bado mtu wa kawaida. Nilipofika kwenye namba ishirini na saba nililia, Dada, kwa sauti. Alikuwepo mteja mmoja aliyeleta mizani yake ya nyanya. Akadhani mizani imekufa. Akanishika bega akasema, "Usijali fundi, nitanunua nyingine."

Mke wangu ameisoma ile karatasi yenye muhuri mara nne, ya nne aliwasomea majirani. Wanangu wamenitazama kwa namna ambayo sijaizoea. Yule wa pili ameuliza kama kweli nilisimama kwenye matope tangu asubuhi hadi alasiri bila kula. Nimemwambia ndiyo. Akasema, "Na hawakukuamini?" Nimemwambia hawakuniamini. Akaenda akapanda juu ya paa la karakana, akaliziba. Halivuji tena.

Ya jikoni. Nilikusamehe siku nyingi, pengine mwaka wa tatu au wa nne. Sikukuambia kwa sababu nilipenda kuwa na kitu cha kukununia. Hilo ni kosa langu, na ni kubwa kuliko kicheko chako, maana wewe ulicheka mara moja, mimi nimenuna miaka kumi na tisa. Umekaa asubuhi ngapi kwenye benchi lile? Sikujua kama kuna mtu duniani angenikalia hivyo.

Nimewaandikia ofisini kwamba nakuja. Basi la Jumanne ya tarehe saba, nitafika mchana. Mke wangu naye anakuja, anasema wewe na yeye mna mambo yenu ya karatasi ya sukari, sijui anamaanisha nini. Mwambie huyo mkurugenzi avae viatu vya mpira. Mwambie Mzee Reki kwamba namtaka yeye anishikie kifaranga wa kwanza, kwa sababu ana jicho. Na hao vijana wawili wa ofisi wasimame karibu waone: mbili kushoto, moja kulia.

Jana nimelifungua daftari mezani, mchana, mlango wazi. Nimechonga penseli. Nimeshuka hadi mstari wa ishirini na saba, nikaenda hadi safu ya mwisho, palipoandikwa "Ameonwa na", nikaandika jina lako lote, la kwako na la baba, kwa mwandiko mzuri.

Wamebaki arobaini, Dada. Nunua filamu.

Mdogo wako,
Kiroboto